Tetekuwanga

Tetekuwanga (pia huitwa tetewanga au tetemaji) ni ugonjwa wa kuambukiza unaosababishwa na virusi vya varisela-zosta. Huwapata zaidi watoto. Dalili yake kuu ni upele unaowasha ambao hugeuka kuwa malengelenge madogo yenye maji, kisha hukauka na kuacha vigaga. Kwa mtoto mwenye afya njema ugonjwa huisha wenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Kwa mtu mzima, mama mjamzito, mtoto mchanga na mtu ambaye kinga ya mwili wake imedhoofika, ugonjwa huohuo unaweza kuwa mkali sana na hata kuua.

Mgonjwa hupona, lakini virusi haviondoki mwilini. Hujificha kwenye vifundo vya neva karibu na uti wa mgongo na kwenye fuvu, na vinaweza kukaa humo kimya kwa miaka mingi. Vikiamka tena huleta ugonjwa mwingine unaojulikana kama mkanda wa jeshi.

Virusi na namna vinavyoenea

Virusi vya varisela-zosta ni vya jamii ya hepesi, jamii ileile ya virusi vinavyoleta vidonda vya homa midomoni. Binadamu ndiye makao yake; havienezwi na mbu, mbwa wala kuku. Ugonjwa unaoitwa ndui ya kuku, ambao wafugaji huuona kwenye upanga na sehemu nyingine za kichwa cha kuku zisizo na manyoya, unatokana na virusi vingine kabisa na haumpati mtu.

Tetekuwanga huenea kwa hewa, mgonjwa anapopumua, kukohoa au kupiga chafya, na pia kwa kugusa maji ya malengelenge. Ni miongoni mwa magonjwa yanayoambukiza kwa urahisi mkubwa. Katika nyumba yenye mgonjwa mmoja, watu wanaoishi naye ambao hawajawahi kuugua wala kuchanjwa huweza kuambukizwa kwa kiwango cha hadi 90%.

Kipindi cha kuatamia, yaani muda kati ya kuambukizwa na kutokea kwa upele, ni siku 10 hadi 21. Mara nyingi huwa wiki mbili hivi. Mgonjwa huanza kuambukiza wengine siku moja au mbili kabla upele haujaonekana, wakati hakuna anayejua kwamba anaumwa. Huendelea kuambukiza mpaka malengelenge yote yawe yamekauka na kuwa vigaga, kwa kawaida siku 5 hadi 7 baada ya upele kuanza. Ndiyo maana katika shule za bweni, ambako wanafunzi wengi hulala chumba kimoja, kumtenga mgonjwa wa kwanza mara nyingi hakuzuii wagonjwa wengine kutokea wiki mbili baadaye. Kutenga bado kunafaa, kwa sababu hupunguza idadi yao.

Katika nchi zenye majira ya baridi kali, kabla ya chanjo karibu kila mtoto alikuwa ameugua kabla ya kufikia umri wa miaka 10. Katika nchi za joto mambo ni tofauti kidogo: maambukizi hutokea kwa umri mkubwa zaidi, na watu wengi hufikia utu uzima bila kuwahi kuugua. Tofauti hii ina uzito, kwani mtu mzima huugua vibaya kuliko mtoto.

Dalili

Mtoto anaweza kuanza moja kwa moja na upele. Mtu mzima mara nyingi hutanguliwa na siku moja au mbili za homa, uchovu, maumivu ya kichwa na kukosa hamu ya kula.

Upele huanza kifuani, mgongoni, usoni na kichwani katikati ya nywele, kisha husambaa kwenye mikono na miguu. Kila kipele hupita hatua zake: kwanza alama nyekundu, halafu kivimbe, halafu lengelenge lenye maji angavu juu ya ngozi iliyoiva, mwisho kigaga. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane vizuri, na lengelenge ndilo linaloonekana kwanza. Vipele havitoki vyote kwa pamoja bali kwa awamu, kwa siku kadhaa mfululizo, hivyo katika eneo moja la mwili huonekana vipya, vyenye maji na vilivyokauka kwa wakati mmoja. Mtu asiyechanjwa huweza kupata vipele 250 hadi 500. Vingine hutokea mdomoni, kwenye kope au sehemu za siri, na hivi huuma zaidi kuliko kuwasha.

Kigaga kikidondoka chenyewe ngozi hupona bila kovu, ingawa alama nyeusi au nyeupe inaweza kubaki kwa wiki au miezi. Kovu la kudumu hutokea hasa pale kipele kilipokunwa au kilipoingiwa na bakteria.

Kutofautisha na magonjwa mengine ya upele

Katika mazungumzo ya kila siku tetekuwanga huchanganywa na surua, na baadhi ya wazazi hudhani kwamba mtoto aliyepata chanjo ya surua kliniki hawezi kupata tetekuwanga. Ni magonjwa mawili tofauti yenye virusi tofauti, na chanjo ya mmoja haikingi mwingine. Surua huanza na homa kali, mafua, kikohozi na macho mekundu yenye kutoa machozi. Siku kadhaa baadaye hutokea upele wa mabaka unaoanzia usoni na nyuma ya masikio na kushuka chini. Upele wa surua hauna malengelenge. Kuchanganya magonjwa haya ni hatari, kwa kuwa surua huua watoto wengi zaidi na mgonjwa wake huhitaji huduma tofauti, ikiwemo kupewa vitamini A.

Zamani mkanganyiko mkubwa ulikuwa kati ya tetekuwanga na ndui. Vipele vya ndui vilikuwa vigumu na vya ndani ya ngozi, vilijaa zaidi usoni, mikononi na miguuni kuliko kifuani, vilitokea hata kwenye viganja na nyayo, na vyote katika eneo moja vilikuwa katika hatua moja. Watumishi wa kampeni ya kutokomeza ndui walifundishwa kutazama ishara hizo, na bado makosa yalitokea. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca nchini Somalia. Alipougua mnamo Oktoba 1977 alidhaniwa kwanza kuwa na malaria, kisha tetekuwanga. Kumbe alikuwa na ndui, na ndiye mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ugonjwa huo kwa njia ya kawaida. Alipona, na baadaye alifanya kazi katika kampeni ya kutokomeza polio nchini mwake hadi alipofariki mwaka 2013.

Baada ya ndui kutoweka tatizo hilo limerudi kwa sura ya mpox, ugonjwa ambao virusi vyake ni ndugu wa virusi vya ndui. Mnamo Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpox kuwa dharura ya afya ya umma ya kimataifa, kufuatia mlipuko katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo uliofika Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Huko Kongo vipimo vya maabara vimeonyesha mara kwa mara kwamba sehemu ya wagonjwa walioshukiwa kuwa na mpox walikuwa na tetekuwanga, na wengine walikuwa na magonjwa yote mawili. Dalili inayosaidia ni kuvimba kwa tezi za shingoni, kwapani au kwenye kinena, jambo la kawaida kwa mpox na lisilo la kawaida kwa tetekuwanga. Vipele vya mpox navyo hupenda viganja na nyayo. Hata hivyo macho peke yake hayatoshi palipo na mlipuko. Kipimo cha maabara cha PCR, kinachofanywa kwa majimaji au kigaga cha kipele, ndicho kinachotoa jibu la uhakika.

Madhara

Tatizo linalotokea zaidi kwa watoto ni bakteria kuingia kwenye vipele vilivyokunwa. Ngozi huvimba, huwa na joto na kutoa usaha. Mara chache bakteria hao hupenya hadi kwenye damu. Virusi vyenyewe vinaweza kuleta nimonia, ambayo huwapata zaidi watu wazima, hasa wavutaji sigara na wajawazito. Vinaweza pia kuathiri ubongo: mtoto huanza kuyumba anapotembea, hali ambayo kwa kawaida huisha yenyewe, au kwa nadra hupata uvimbe wa ubongo wenye degedege na kupoteza fahamu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2014 kwamba kila mwaka duniani watu milioni 4.2 hupata tetekuwanga kali kiasi cha kuhitaji kulazwa, na takriban 4,200 hufariki. Idadi ya vifo ni ndogo ikilinganishwa na surua, na hii ni mojawapo ya sababu ugonjwa huu haukupewa kipaumbele katika nchi nyingi.

Mgonjwa apelekwe hospitali bila kuchelewa akipumua kwa shida, akiwa na homa inayorudi baada ya kuwa imeshuka, akitapika mfululizo, akichanganyikiwa au kusinzia isivyo kawaida, shingo ikikakamaa, au ngozi inayozunguka vipele ikiwa nyekundu, ngumu na yenye maumivu makali.

Ujauzito na mtoto mchanga

Mjamzito aliyewahi kuugua tetekuwanga utotoni huwa na kinga, na kukutana na mgonjwa hakumdhuru yeye wala mimba. Hatari ni kwa yule ambaye hajawahi kuugua. Akiambukizwa katika wiki 20 za kwanza, kwa takriban 1% hadi 2% ya mimba hizo mtoto huzaliwa na makovu ya ngozi, mkono au mguu uliodumaa, au madhara ya macho na ubongo.

Wakati mwingine wa hatari ni karibu na kujifungua. Mama akitokwa na upele kati ya siku 5 kabla na siku 2 baada ya kujifungua, mtoto hupata virusi bila kupata kingamwili za mama, kwa kuwa mwili wa mama haujawahi kuzitengeneza kwa wingi wa kutosha. Kabla ya kuwepo matibabu ya sasa, hadi 30% ya watoto walioambukizwa katika siku hizo walikufa. Mtoto wa namna hii hupewa sindano ya kingamwili za varisela-zosta inapopatikana, na dawa ya asiklovia akianza kuugua.

Kwa sababu hiyo mjamzito asiyejua kama aliwahi kuugua, ambaye amekaa chumba kimoja na mgonjwa, anapaswa kwenda kliniki mapema bila kusubiri upele. Kipimo cha damu kinaweza kuonyesha kama ana kinga, na sindano ya kingamwili hufanya kazi ikitolewa ndani ya siku 10 tangu alipokutana na mgonjwa. Ni vyema apige simu kwanza au ajieleze mlangoni, maana foleni ya kliniki imejaa wajawazito wengine.

Mkanda wa jeshi

Virusi vilivyojificha kwenye neva vikiamka husafiri kwa kufuata neva moja hadi kwenye ngozi. Upele wake basi hutokea upande mmoja tu wa mwili, kama ukanda unaoanzia mgongoni na kuzunguka ubavu hadi kifuani au tumboni. Ndipo lilipotoka jina la mkanda wa jeshi. Maumivu makali ya kuchoma hutangulia upele kwa siku kadhaa. Ukitokea usoni karibu na jicho unaweza kupofusha. Kwa wazee hasa, maumivu yanaweza kuendelea kwa miezi au miaka baada ya ngozi kupona.

Mtu hawezi "kuambukizwa mkanda wa jeshi". Asiyewahi kuugua tetekuwanga akigusa malengelenge ya mgonjwa wa mkanda wa jeshi, atapata tetekuwanga. Vilevile kuna imani iliyoenea katika nchi nyingi kwamba mkanda ukizunguka mwili na ncha zake kukutana mgonjwa hufa. Haina msingi, ingawa upele uliosambaa pande zote mbili ni dalili ya kinga dhaifu na unahitaji matibabu ya haraka.

Takriban mtu mmoja kati ya watatu hupata mkanda wa jeshi maishani, wengi wao baada ya umri wa miaka 50. Katika Afrika Mashariki ugonjwa huu ulipata sifa nyingine kuanzia miaka ya 1980, ulipoonekana kwa wingi kwa vijana waliokuwa na VVU. Shirika la Afya Duniani huuweka katika hatua ya pili kati ya hatua nne za maambukizi ya VVU. Sifa hiyo imewafanya baadhi ya wagonjwa kuuficha na kuchelewa kutafuta dawa. Mkanda wa jeshi peke yake hauthibitishi kuwepo kwa VVU, kwa kuwa uzee, uchovu wa mwili, kansa na dawa zinazopunguza kinga huweza kuuleta pia. Kwa kijana, hata hivyo, ni sababu ya kutosha ya kupima.

Matibabu na huduma nyumbani

Kwa mtoto mwenye afya njema lengo la huduma ni kupunguza muwasho na homa. Mtoto aoge kila siku kwa maji safi ya uvuguvugu na kukaushwa kwa kubonyeza taulo bila kusugua. Kucha zikatwe fupi. Mtoto mdogo anaweza kuvalishwa soksi mikononi usiku. Losheni ya kalamini hupunguza muwasho, na dawa za mzio zinaweza kumsaidia kulala. Anywe maji ya kutosha, na kama ana vidonda mdomoni apewe chakula laini kisicho na chumvi nyingi, pilipili wala ndimu.

Homa hutulizwa kwa parasetamoli. Aspirini isitolewe kamwe kwa mtoto mwenye tetekuwanga, kwa kuwa inahusishwa na sindromu ya Reye, ugonjwa wa nadra unaoharibu ini na ubongo na ambao huua. Ibuprofeni nayo ni bora kuepukwa, kwani imehusishwa na maambukizi makali ya bakteria kwenye ngozi. Onyo hili lina maana mahali ambapo dawa za maumivu hununuliwa dukani kwa vidonge viwili vitatu bila boksi lake: mzazi aulize jina la dawa kabla ya kumpa mtoto.

Kuoga maji yaliyochemshwa kwa majani ya mwarobaini ni desturi ya siku nyingi. Hakuna ushahidi kwamba huua virusi hivi au kufupisha ugonjwa. Yakitumika yawe safi na yaliyopoa, na mtoto asinyweshwe, hasa mafuta ya mwarobaini, ambayo yamewahi kuwadhuru watoto wadogo vibaya.

Asiklovia ni dawa inayozuia virusi kuongezeka. Gertrude Elion, aliyeongoza kazi ya kuitengeneza, alikuwa mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1988. Dawa hii husaidia zaidi ikianzwa ndani ya saa 24 tangu upele kutokea, na hupewa watu wazima, wajawazito, watoto wachanga na wenye kinga dhaifu. Mtoto mwenye afya njema kwa kawaida haihitaji. Antibiotiki haziui virusi. Zina kazi pale tu bakteria wameingia kwenye vipele.

Historia ya utafiti

Daktari Mwingereza William Heberden alieleza mwaka 1767 kwamba tetekuwanga si ndui hafifu bali ni ugonjwa wake wenyewe, na aliyeugua mmoja hakingwi dhidi ya mwingine. Mwishoni mwa karne ya 19 János Bókay, daktari wa watoto wa Hungaria, aliona watoto wakipata tetekuwanga baada ya kukaa na mtu mwenye mkanda wa jeshi. Katika miaka ya 1950 Thomas Weller wa Marekani alifaulu kukuza virusi katika maabara na kuonyesha kwamba magonjwa haya mawili yana chanzo kimoja. Maelezo kwamba virusi hulala kwenye neva na kuamka kinga inaposhuka yalijengwa vizuri na Edgar Hope-Simpson, daktari wa kawaida wa mji mdogo wa Cirencester huko Uingereza, aliyefuatilia wagonjwa wake kwa miaka mingi na kuchapisha matokeo mwaka 1965.

Chanjo

Chanjo ilibuniwa Japani na Michiaki Takahashi. Mwaka 1964, alipokuwa akifanya utafiti nchini Marekani, mwanawe alipata tetekuwanga kali iliyomtia wasiwasi mkubwa, na aliporudi nyumbani alianza kutafuta namna ya kuidhoofisha. Alitumia virusi vilivyotolewa kwa mtoto wa miaka 3 wa familia ya Oka, na chanjo iliyochapishwa mwaka 1974 bado inaitwa aina ya Oka. Ina virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo haipewi wajawazito wala watu wenye kinga dhaifu sana. Dozi mbili huzuia zaidi ya 90% ya ugonjwa. Wachache wanaougua hata hivyo hupata kwa kawaida vipele visivyofika 50.

Marekani ilianza kuwachanja watoto wote mwaka 1995. Kabla ya hapo nchi hiyo ilikuwa na wagonjwa takriban milioni 4, watu zaidi ya 10,000 waliolazwa na vifo 100 hadi 150 kila mwaka; baada ya miaka 25 wagonjwa walikuwa wamepungua kwa zaidi ya 97%. Uingereza ilisita kwa muda mrefu. Wataalamu wake waliamini kwamba watu wazima wanaokutana na watoto wagonjwa huimarishwa kinga, na kwamba tetekuwanga ikitoweka mkanda wa jeshi ungeongezeka. Ongezeko kubwa la namna hiyo halikuonekana Marekani kama ilivyohofiwa. Kamati ya wataalamu ya Uingereza ilipendekeza chanjo mwaka 2023, na mwaka 2025 serikali ikatangaza kwamba watoto wangeanza kuipata Januari 2026.

Kwa nchi zenye uwezo mdogo kuna jambo jingine la kupima. Chanjo ikiwafikia watoto nusu tu, virusi huzunguka polepole zaidi, na watoto ambao hawakuchanjwa huambukizwa wakiwa vijana au watu wazima, umri ambao ugonjwa ni mkali na ambao wanawake hushika mimba. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani hushauri nchi kuanza tu ikiwa inaweza kuwafikia angalau 80% ya watoto na kubaki hapo. Tanzania na Kenya hazijaiweka katika ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto, ambayo ina surua na rubela. Mzazi anayeitaka hulazimika kuinunua kwenye hospitali za binafsi zinazoiagiza. Mtu ambaye hajawahi kuugua na amekutana na mgonjwa anaweza bado kunufaika akichanjwa ndani ya siku 3, au hadi siku 5, tangu walipokutana.